Lagestromia yangu Njiro haitoi maua, ya dada Moshi inachanua mpaka kero. Tatizo nini?

#1 MkaziWaNjiro
Wakuu, habari za jioni.

Nina lagestromia uani, ile ambayo vitalu vingine vinaiita crape myrtle, yenye maua ya pinki yaliyokunjamana. Pingili nilizitoa kwa dada yangu Moshi, maeneo ya Soweto. Kwake mti unachanua tangu joto linapoanza mpaka masika yanagonga hodi, wapita njia wanasimama getini kuomba matawi. Kwangu Njiro una majani tele, umenizidi urefu, lakini maua hamna. Msimu uliopita kilitoka kishada kimoja upande wa barabarani, basi.

Maji napiga, samadi ya kuku naweka, chini nafyeka. Mama watoto anasema niukate tupande parachichi tujue moja. Kabla sijashika panga nauliza: ni baridi ya Arusha, ni udongo, ni maji, au nina mkosi?

Nawasilisha.

#2 Chalii_wa_Sakina
Bila picha uzi hauna mashiko. Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

#3 MekuRau
Arusha hamna jua ninyi, mnajisumbua bure. Huku Moshi Februari joto linavuka nyuzi 30, ua linachanua hata kama halitaki. Arusha mjini mko kwenye mita 1,400 hivi, sisi hatufiki hata 1,000. Leta mti Rau nikulelee, uje kuutembelea sikukuu.

#4 Dada_Sekei
Meku usianze. Mimi niko Sekei, mlimani zaidi kuliko Njiro, na ninayo moja karibu na geti. Inachanua Desemba hadi Machi kila mwaka. Sio kwa fujo kama za Moshi, lakini inachanua. Kwa hiyo hiyo hoja ya mwinuko peke yake haisimami.

Mleta mada, huo mti unapigwa na jua kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Wangu hauna kitu cha kuukinga tangu asubuhi hadi saa tisa.

#5 MkaziWaNjiro
Asubuhi jua linaupata vizuri. Ikifika saa sita hivi migrivea ya uzio wa jirani inaufunika, mpaka jioni. Upande wa barabarani ndio unabaki wazi.

#6 Dada_Sekei
Na kishada kimoja kilitoka upande gani vile? 😂

Umejijibu mwenyewe. Huu mti unataka jua kali la moja kwa moja, si chini ya saa sita kwa siku. Na usihesabu zile asubuhi za Juni na Julai ambazo mpaka saa nne Meru bado umejifunika wingu. Kaongee na jirani apunguze matawi.

#7 FundiBustani
Kazi yangu ni kutunza bustani za watu hapa mjini, kesi ya namna hii naikuta sana. Kabla hamjamgombanisha mtu na jirani yake, tazameni hiyo samadi ya kuku. Ina naitrojeni nyingi mno. Mti ukishiba naitrojeni unarefuka, unatoa majani mapana laini, habari ya maua unaisahau. Mtu akisema "una majani tele, umenizidi urefu" mimi najua kabisa kinachoendelea. Achana na samadi msimu mzima. Ukiona lazima uweke kitu, weka mboji kidogo vuli ikianza. Na kama kuna ukoka umezunguka shina na unaumwagia urea au CAN ili ukolee kijani, jua mizizi ya mti inakula sahani hiyohiyo.

La pili, unapogoa lini? Lagestromia inatoa maua kwenye ncha za matawi mapya, yaliyochipua msimu huohuo. Wateja wangu wengine wananiita mwanzoni mwa Desemba nikate uani papendeze kabla wageni wa Krismasi hawajafika. Ukikata wakati ule umekata maua yenyewe. Kata mwishoni mwa Agosti, baridi inapoanza kuachia na macho ya matawi bado yamelala.

#8 MekuRau
Mimi yangu nakata kwa panga mpaka usawa wa goti. Inachipua fimbo ndefu zenye vishada vikubwa kama nini. Huo ufundi wa kukata kwa mkasi ni wa kwenye vitabu.

#9 FundiBustani
Vishada vikubwa sikatai. Sasa subiri mvua inyeshe, zile fimbo zinalala chini kwa uzito. Na ukikata palepale kila mwaka shina linaota fundo, linakuwa baya kutazama. Uzuri wa mti huu hata bila maua ni gome: linabanduka vipande vyembamba, chini yake shina ni laini kabisa, kahawia, kijivu, sehemu nyingine pinki. Ukiliacha likomae unaweza kukaa nalo dakika nzima unalipapasa tu. Ondoa matawi yanayosuguana, vijiti vyembamba kuliko penseli na machipukizi ya shinani. Maua yakishaisha kata vishada vilivyokauka kabla havijafunga mbegu, mara nyingi unapata mzao wa pili.

#10 Chalii_wa_Sakina
Dakika nzima unapapasa gome, arifu uko sawa kweli?

#11 MzeeWaKitalu_Usa
Nauza miche huku Usa River. Niwape jambo ambalo wengi hawalijui. Lagestromia zinazouzwa barabarani ni za aina mbili na wauzaji wanaziita jina moja. Kuna *indica*, ni kichaka au kijiti cha mita 3 mpaka 6, majani madogo. Kuna *speciosa*, huo ni mti kabisa, unaweza kufika mita 20, majani makubwa marefu, maua ya zambarau. Ukinunua *speciosa* wa mbegu ukitegemea maua mwakani, utasubiri sana. Mleta mada huenda ana *speciosa*.

#12 Dada_Sekei
Shikamoo mzee. Ila rudi #1: pingili zimetoka kwenye mti wa dada yake, na huo wa dada unachanua. Pingili haiwezi kubadilika aina njiani kwenye Noah.

#13 MzeeWaKitalu_Usa
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, hilo lichukueni wengine mnaonunua. Kagueni majani kabla ya kutoa hela.

#14 Binti_Majengo
Hiyo *speciosa* ndiyo ile banaba? Nilisoma kwamba Ufilipino wanachemsha majani yake kama chai ya wenye sukari. Mama yangu ana sukari, mnaionaje?

#15 NesiMstaafu
Ni kweli wanaitumia hivyo, na kuna watafiti walioifanyia kazi. Lakini mama asiache dawa za kliniki kwa sababu ya chai ya majani ya mti. Vitu viwili vinavyoshusha sukari vikikutana bila daktari kujua, anaweza kushuka ghafla. Mwambie daktari wake kwanza. Turudi kwenye maua.

#16 Kijana_wa_Ngaramtoni
Mti wa India huo, ndiyo maana unapenda joto la Moshi. Hata jina si *indica*? Kesi imefungwa.

#17 Mwalimu_Bayo
Haijafungwa. Kimaumbile *indica* ni mti wa Uchina na nchi za jirani zake, na jina la *Lagerstroemia* Linnaeus alilitoa kwa rafiki yake Magnus von Lagerström, mfanyabiashara wa Sweden aliyemtafutia mimea ya Asia. Sehemu kubwa ya Uchina ina baridi ya kugandisha maji. Marekani kusini pia inapandwa mitaa kwa mitaa, nako barafu hudondoka. Kwa hiyo baridi yenyewe haiuzuii, unapukutisha majani, unalala, unaamka.

Tofauti ni kwamba wenzetu kule wakimaliza baridi wanapata kiangazi cha nyuzi 35 kwa miezi mfululizo. Arusha hatuna baridi ya kuulaza vizuri wala joto la kuuamsha vizuri. Julai mchana ni kama nyuzi 22 na mawingu juu. Mti unabaki nusu macho nusu usingizi.

Na kuna suala la urefu wa mchana. Huu ni mmea unaokua kwa nguvu mchana ukiwa mrefu, mchana ukifupika unajiandaa kulala. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko wote na ule mfupi havipishani hata nusu saa. Huenda mti unakosa ishara.

#18 MekuRau
Mwalimu, Moshi na Arusha mchana ni uleule. Jua likizama kwenu linazama na kwetu. Sasa ishara nani anaipata nani anaikosa?

#19 Mwalimu_Bayo
Hapo umenibana. Basi hoja ya mchana iwekeni pembeni, ya joto naibakiza.

#20 Maji_ya_Chai
Mnazunguka tu, tatizo ni maji. Mnasahau mnaishi wapi? Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Meru yana floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, huku kwetu kuna vyanzo vinaruka mbali sana hapo, tazameni meno yetu. Kama mtu mzima anaharibika, ua litasalimika?

#21 FundiBustani
Floraidi inaharibu kweli baadhi ya mimea. Inayoongoza kwa kuumia ni jamii ya masale, ncha za majani zinaungua kahawia. Lagestromia sijawahi kuona ikilalamika kwa hilo.

#22 MekuRau
Masale?! Kwa hiyo Mchaga akihamia Arusha hata jani la kuombea msamaha hapati? Ndiyo maana ndoa za huko hazidumu.

#23 Maji_ya_Chai
Cheka tu. Ukiacha floraidi, maji hayohayo yana magadi mengi. Ukimwagilia bomba la kisima miaka nenda rudi udongo unapoteza uchachu. Huu mti unapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5 mpaka 6.5 hivi. Ikipanda, mizizi inashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yapo. Mleta mada, majani machanga yako yana rangi gani? Kama jani ni la njano na mishipa imebaki kijani, usimsikilize mtu mwingine, kinga maji ya mvua uyatumie hayo.

#24 MkaziWaNjiro
Asanteni wote. Majani ni ya kijani kabisa, hakuna njano. Namwagilia maji ya bomba la mtaa, yanatoka wapi sijui. Ila sasa naona kwenye baadhi ya majani machanga kuna kitu cheupe kama unga, yamejikunja. Nilidhani vumbi la barabara yetu.

#25 MzeeWaKitalu_Usa
Simama hapohapo. Futa kwa kidole. Vumbi linatoka lote, huo mwingine unaacha baka na jani linabaki limepinda. Halafu nijibu: mti hautoi matumba kabisa, au unatoa na hayafunguki?

#26 MkaziWaNjiro
Nimetoka na tochi ya simu. Mzee, matumba yapo! Nchani kabisa, ya mviringo, ukubwa wa pilipili manga. Mengi yamefunikwa ule weupe, nikigusa yanadondoka. Nikipasua moja ndani kuna kipande kidogo cha pinki kimekauka. Miaka yote hii sikuwahi kuangalia kule juu.

#27 Chalii_wa_Sakina
Uzi umegeuka kesi ya mauaji. Naleta karanga.

#28 MzeeWaKitalu_Usa
Ubwiri unga huo. Ni ukungu, ugonjwa mkuu wa lagestromia. Unashambulia majani machanga na matumba, tumba likipata haliwezi kufunguka. Unapenda hali ya hewa ya wastani, unyevu hewani, kivuli, na matawi yaliyobanana yasiyopitisha upepo. Yaani Arusha yetu hii. Moshi kunapopiga jua kali hauna raha.

Wenzetu Wamarekani walikwenda mbali, walipandanisha *indica* na *fauriei* wa Japani wakapata aina zisizoshikwa sana na ugonjwa huu. Ile nyeupe iitwayo 'Natchez' ni mojawapo. Kwenye kitalu changu sina, msinipigie simu.

#29 Dada_Sekei
Yaani tumerudi kwenye kivuli cha migrivea. Nilisema tangu #4.

#30 FundiBustani
Na tumerudi kwenye samadi ya kuku. Majani laini ya naitrojeni ndiyo chakula cha ubwiri. Nilisema #7.

#31 Mwalimu_Bayo
Na kwenye ubaridi na mawingu ya Arusha, #17. Sote tumeshinda, tugawane kombe.

#32 MkulimaKorosho
Nipo Moshi kikazi ila kwetu Mtwara. Ubwiri unga kwenye mikorosho tunaumaliza kwa salfa. Tafuta salfa ya unga duka la pembejeo, ile ya kuchanganya na maji, fuata vipimo vya kwenye pakiti. Piga asubuhi mapema, pande zote za jani. Usipige jua likiwa kali, kwenye joto la juu salfa inaunguza majani. Vaa barakoa na miwani, ikiingia machoni utajuta.

#33 Kijana_wa_Ngaramtoni
Na aache kumwagilia juu ya majani, maji ndiyo yanaleta ukungu.

#34 MzeeWaKitalu_Usa
Kwa magonjwa mengine ya ukungu uko sahihi kijana. Ubwiri unga ni tofauti, hauhitaji jani lililolowa, unyevu wa hewani unautosha. Kuosha majani asubuhi kunaweza hata kuupunguza. Usifanye jioni tu, jani likalala limelowa ukaalika maradhi mengine.

#35 Binti_Majengo
Mimi niliona kwenye video wanapuliza maziwa. Kikombe kimoja cha maziwa, vikombe tisa vya maji.

#36 MekuRau
Maziwa kwenye maua na bei ya maziwa hii? Mke wangu akinikuta nanywesha mti maziwa, nalala Kiboriloni kwa shemeji.

#37 MkulimaKorosho
Watu wanatumia, na ugonjwa ukiwa mdogo inasaidia kiasi. Kwa mti uliochakaa hivyo, salfa.

#38 NesiMstaafu
Wangu una majani yanayonata na weusi kama masizi juu yake. Ni huohuo?

#39 FundiBustani
Hapana dada. Hao ni wadudu mafuta. Wanafyonza utomvu, wanatoa majimaji matamu, yale masizi yanaota juu ya utamu. Geuza jani utawakuta wamejipanga chini. Maji ya sabuni ya mche kidogo kwenye bomba la kupulizia, rudia baada ya siku chache. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, ujue wanafuata utamu huo.

#40 Maji_ya_Chai
Sijaridhika. Sekei pia kuna mawingu, tena zaidi. Mbona wa dada unachanua? Anatumia maji gani?

#41 Dada_Sekei
Ya mvua kwenye simtanki, masika na vuli. Kiangazi ya bomba.

#42 Maji_ya_Chai
Ahsante. Sina swali lingine mheshimiwa.

#43 Dada_Sekei
😂 Na jua ninalo, na samadi siweki. Usijitangaze mshindi.

#44 ShangaziMachame
Wanangu mmesahau kumwambia jambo moja. Ukifika wakati wake utapukutisha majani wote. Kijana wangu wa kazi aling'oa wa kwangu mzima akidhani umekufa, nikarudi kutoka kanisani nikakuta shimo. Kabla hujang'oa, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, mti u hai, uache.

#45 MkaziWaNjiro
Nimewaelewa shangazi na wote. Mpango: jirani ni mtu mzuri, Jumamosi naenda kumuomba apunguze migrivea. Samadi nasimamisha. Salfa nanunua mjini. Naweka pipa la kukinga maji ya mvua. Agosti Fundi njoo na mkasi wako.

#46 Mwalimu_Bayo
Ukifanya yote kwa mpigo hatutajua nani alikuwa sahihi. Anza na moja.

#47 MkaziWaNjiro
Mwalimu, parachichi limeshanunuliwa liko kwenye kopo. Sina muda wa majaribio.

#48 Binti_Majengo
Mimi naomba pingili. Zinapandwaje?

#49 FundiBustani
Kwake usichukue sasa, utabeba ugonjwa. Chukua kwa dada yake hapo Soweto. Tawi lililoanza kukomaa, sentimita 15 hivi, kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini bakiza mawili juu. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Ukivuta taratibu likagoma kutoka, limeshika mizizi. Ndipo ulitoe juani.

#50 MekuRau
Aje Rau achukue kwangu, bure. Aje na ndoo yake.

#51 Mwalimu_Bayo
Uliokatwa kwa panga usawa wa goti? Dada, nenda Soweto.

#52 Kijana_wa_Ngaramtoni
Nje ya mada kidogo: komamanga la bibi linatoa maua mengi ila yanadondoka bila matunda. Nalo ni ubwiri?

#53 MzeeWaKitalu_Usa
Hao ni ndugu, komamanga, mhina na lagestromia ni ukoo mmoja. Lakini komamanga hutoa maua dume mengi, hayo hudondoka kawaida. Fungua uzi wako, weka na picha.

#54 Chalii_wa_Sakina
Picha za huu uzi zenyewe ziko wapi?